Nyumba ya Wanawake Walioonewa

Mwezi huu nakuleteeni habari ambayo mara chache hutajwa katika gazeti lisomwalo nyumbani, baba na mama na watoto wakiwa pamoja. Nimefikiri sana kama yafaa kuandikwa, na mwisho nimeona kwamba kunyamaza kwetu ndiko kulikoleta hasara kubwa zaidi. Kidonda kifunikwacho nguo nzuri hakiponi kwa sababu ya nguo; huoza chini yake.

Habari yenyewe ni ya wanawake na wasichana walioshikwa kwa nguvu na wanaume, wakaingiliwa bila ridhaa yao. Mahakama za Zanzibar huweka jambo hili, pamoja na mengine ya jinsi yake, chini ya jina la udhalilishaji. Sisi huku Shumba tuna maneno mengi ya kulizunguka. Twasema, "amechezewa," au "amepatwa na mtihani," au "ameharibiwa." Neno hili la mwisho silipendi hata kidogo, maana lamtaja msichana kana kwamba ni chungu kilichovunjika, wala halimtaji aliyevunja.

Basi nataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, kwa nini mwanamke aliyepatwa na jeuri hii apokewe na wanawake wenzake, mahali pao wenyewe, pasipokuwapo mwanamume. La pili, ni kazi gani iliyo juu yetu sisi tulio wachache katika kisiwa hiki cha Pemba.

Tuanze na Kitabu. Katika Kitabu cha pili cha Samueli, mlango wa 13, imo habari ya Tamari binti Daudi, aliyeshikwa kwa nguvu na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Wengi huisoma habari hii upesi kwa ajili ya aibu yake. Isomeni tena polepole, mkahesabu watu waliosema. Yonadabu alitoa shauri baya. Amnoni alisema uongo, kisha akamfukuza. Mtumishi alifunga mlango. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze, kwa sababu aliyemtenda ni ndugu. Daudi alikasirika, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu mwanawe. Wote hao ni wanaume. Tamari alilia kwa sauti akipita, akiwa amepasua vazi lake, wala hatusomi kwamba mwanamke mmoja aliitwa kumpokea, kumwosha machozi, na kumwuliza, "Mwanangu, umepatwa na nini?" Akakaa ukiwa katika nyumba ya ndugu yake.

Je, kunyamaza kule kulileta amani katika nyumba ya mfalme? La. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, na hatimaye akaasi juu ya baba yake, na watu wengi wakafa. Neno lililozimwa chumbani lilikuja kuwaka katika nchi nzima.

Sasa tuangalie desturi yetu. Kuna neno moja la visiwani ambalo kila mtu alijua, nalo ni muhali. Mtu huona muhali kumshitaki mtoto wa ami yake. Huona muhali kutoa ushahidi juu ya jirani waliyekula naye sahani moja. Huona muhali hata kukataa suluhu, wazee wakiisha kuja na kanzu zao safi na kukaa mkekani. Muhali katika mambo mengine ni adabu njema, maana hutuzuia tusigombane kwa vitu vidogo. Lakini katika jambo hili umekuwa kifuniko cha mwovu.

Tuseme msichana wa miaka 15 ameshikwa njiani akitoka kisimani. Habari hufika kwa baba yake, na baba humwita ami, na ami huwaita wazee. Msichana huitwa barazani, akasimama mbele ya wanaume sita au saba, naye hajapata kutamka maneno hayo hata mbele ya mama yake. Huulizwa, Ilikuwaje? Kwa nini ulipita njia ile? Ulipiga kelele? Akinyamaza, wasema amekubali; akilia, wasema aficha jambo; akisema wazi, wasema hana haya. Kisha wazee hutafuta suluhu: fedha kidogo kwa baba, au msichana aolewe na yule yule aliyemdhulumu. Jioni wanaume hupeana mikono, kila mmoja akaenda zake akidhani kwamba ameleta amani. Msichana peke yake ndiye aliyebaki na vita ndani ya moyo wake.

Sisemi kwamba wazee hao wote ni watu wabaya. Wengi wao wapenda mji wao. Lakini mahali penyewe hapafai. Mwanamke aliyetoka katika mikono ya mwanamume mwenye jeuri huona hofu akiisikia sauti nzito tu, au akisikia mlango ukifungwa nyuma yake. Hofu hiyo si ukaidi, wala hawezi kuizuia kwa kuambiwa asiogope. Tena adabu yenyewe tuliyomfundisha tangu utoto yamzuia kutaja mambo ya mwili wake mbele ya wanaume. Twamfundisha haya miaka 15, kisha siku moja twamtaka aivue barazani, na asipoivua twamhesabu kuwa mwongo!

Mimi ni mwalimu wa dini, na kazi yangu ni kusikiliza watu. Nimeona mara nyingi mwanamke akija kwangu, akasalimu, akaketi, akaeleza habari ya homa ya mtoto, akanyamaza kitambo, akaaga. Baadaye mke wangu huniambia, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwamba neno lililomleta lilisemwa jikoni, huku wakichagua mchele. Sioni uchungu kwa hayo. Naona kwamba mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwake na mlango wa uani ulikuwa wazi.

Wengine watasema, "Nyumba ya wanawake peke yao ni desturi ya kigeni." Haya, na tuangalie. Hapa pwani mwanamke azaapo, nani aliye naye? Mkunga na wanawake wenzake, na mume hungoja nje. Msichana anapovunja ungo, nani humfundisha? Somo yake, naye humfundisha ndani, si barazani. Mwanamke akifa, nani humwosha? Wanawake, na jirani zetu Waislamu hushika desturi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Nyumba zetu za kale zilijengwa na baraza mbele kwa wanaume na ua nyuma kwa wanawake, ili kila mmoja awe na mahali pa kusemea. Basi ikiwa mwanamke ana haki ya kuwa na wenzake siku ya kuzaa, na siku ya kufunzwa, na hata siku ambayo hasikii tena, kwa nini akose haki hiyo siku aliyojeruhiwa kuliko siku zote?

Tena jambo hili lina historia katika visiwa hivi. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamud bin Muhammad alitoa amri kwamba mahakama hazitautambua utumwa tena katika Unguja na Pemba. Lakini masuria hawakuingizwa katika uhuru huo kama watumwa wengine. Walihesabiwa kuwa watu wa ndani ya nyumba mfano wa wake, na aliyetaka kuondoka ilimpasa kwanza kuonyesha kwamba ametendewa ukatili. Fikirini mwanamke wa namna hiyo, ambaye hakuulizwa hapo mwanzo kama ataka au hataki, akisimama mbele ya wanaume kuthibitisha ukatili uliofanyika usiku chumbani, bila shahidi. Iliwapasa kungoja mpaka mwaka 1909, zamani za Sultani Ali bin Hamud, ndipo kizuizi hicho kilipoondolewa.

Katika miaka ile ile palikuwapo nyumba ya namna nyingine huko Mbweni, kusini ya mji wa Unguja. Shamba la Mbweni lilinunuliwa na Misheni ya Vyuo Vikuu mwaka 1871, zamani za Askofu Tozer, na watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa wakakaa huko. Wasichana waliwekwa katika shule ya Mtakatifu Maria, na tangu 1877 Bibi Caroline Thackeray aliwaongoza kwa miaka mingi. Sheria za nyumba ile zilikuwa kali, na mengi yaliamuliwa bila wasichana wenyewe kuulizwa. Lakini watoto hao, ambao wengine walikuwa wamepita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kufika pwani, walilala usiku chini ya ulinzi wa wanawake. Kwa msichana aliyenunuliwa na kuuzwa, usiku wa namna hiyo ulikuwa mwanzo wa kuwa mtu tena. Magofu ya shule yamesimama hata leo, na kila apitaye aweza kuyaona.

Sasa twende bara, tuone yaliyofanyika karibu na siku zetu. Katika nchi ya Wasamburu, kaskazini ya Kenya, karibu na Archers Post, kuna kijiji kiitwacho Umoja. Kilianzishwa mwaka 1990 na wanawake 15, na kiongozi wao alikuwa Rebecca Lolosoli. Wengi wao walikuwa wamebakwa, na miongoni mwao wako walioshitaki kwamba waliotenda ni askari wa Kiingereza waliokuja kufanya mazoezi katika nchi ile. Waliporudi nyumbani hawakupokewa kwa huruma. Wengine walipigwa na kufukuzwa na waume zao, kana kwamba ndio waliokosa. Basi wakatoka, wakajenga nyumba zao wenyewe, wakaweka sheria kwamba hapana mwanamume atakayekaa humo. Wakaishi kwa kutunga shanga na kuziuza kwa wageni. Wanaume wa kando walikuja kuwatisha, hata kuwapiga, lakini hawakuondoka. Watoto wao wa kiume hukaa nao, na wakiisha kuwa watu wazima huenda kujitegemea kwingine. Wanawake hao hawakuwa na elimu kubwa wala mali. Walikuwa na mahali pao, na hapo wakapata nguvu.

Mfano wa pili watoka Bukavu, mashariki ya Kongo, ambako watu wengi husema Kiswahili kama sisi. Huko vita vimewatesa wanawake kupita kiasi, maana askari wa makundi mbalimbali walifanya ubakaji kuwa silaha. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, alianza Hospitali ya Panzi mwaka 1999 akitaka kuwasaidia akina mama wazazi, akajikuta akiwatibu maelfu ya wanawake waliopasuliwa miili yao. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Lakini tabibu huyo na wenzake waliona kwamba mwili ukiisha kushonwa bado moyo haujashonwa. Ndipo ilipofunguliwa mwaka 2011, katika mji ule ule, nyumba iitwayo Mji wa Furaha, na msimamizi wake ni mwanamke, Christine Schuler Deschryver. Huchukuliwa vijana wa kike wapata 90 kwa mara moja, wakakaa pamoja miezi 6. Hufundishwa kusoma, na sheria, na kulima, na kazi za mikono, na kujilinda. Tena husimuliana wao kwa wao yaliyowapata. Yule aliyedhani kwamba yu peke yake duniani hugundua kwamba aliyekaa kulia kwake amepita njia ile ile. Neno hilo hakuna mwanamume awezaye kumpa, hata awe mwema namna gani.

Tena msidhani kwamba mwanamume hana sehemu yake. Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Daktari Mukwege kutaka kumwua, na mlinzi wake akauawa. Akaondoka nchini na jamaa yake. Ndipo wanawake maskini wa pande zile wakaanza kuuza mananasi na vitunguu, wakachanga fedha za tikiti yake ya kurudi. Naye akarudi Januari 2013. Hivi ndivyo mwanamume anavyoweza kupendwa na wanawake walioumizwa na wanaume: kwa kufanya kazi yake kwa heshima, na kujua ni mlango gani usio wake.

Sasa nijibu maneno ya watu. Wako wasemao, "Nyumba ya namna hii yatutukana wanaume, kana kwamba sote ni mbwa-mwitu." Sivyo. Mkunga hamtukani mume kwa kumwambia angoje nje. Mwanamke aliyejeruhiwa hawezi kumtambua mwema na mwovu kwa kuwatazama nyuso, maana mara nyingi aliyemdhulumu alikuwa na uso mwema, naye ni jamaa au jirani. Mwanamume mwema hatachukizwa akiombwa akae mbali kidogo. Atakayekasirika sana, na tumwangalie vizuri.

Wengine husema, "Na wavulana je? Nao huonewa." Ni kweli, na ni dhambi ile ile. Wavulana nao wapate mahali pao na watu wao wa kuwasikiliza, wanaowaamini. Kumjengea mmoja si kumbomolea mwingine.

Tena wako waulizao, "Je, wanawake nao hawana ndimi?" Swali hili ni la haki. Si kila mwanamke afaa kazi hii. Mama mkwe mwenye kusema, "Ulijitakia," amefanya kazi ya shetani sawasawa na mzee wa baraza. Nyumba ya wanawake isiyo na siri ni soko. Kwa hiyo wanawake wachaguliwe kwa uangalifu, watu wazima, wenye huruma, ambao jirani hawajapata kusikia siri ikitoka midomoni mwao.

Basi tufanye nini Shumba? Kwanza, kila nyumba ijue habari hizi, maana kuchelewa ni hasara. Mwanamke au mtoto aliyebakwa afikishwe hospitali upesi, siku ile ile ikiwezekana. Iko dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi visishike, lakini lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na ikianzwa mapema zaidi ni bora zaidi. Daktari ataangalia pia habari ya mimba na magonjwa mengine. Ikiwezekana asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe, bali zitiwe katika mfuko wa karatasi au kitambaa kikavu, maana ni ushahidi. Hata hivyo, kama ameisha kuoga, asizuiliwe kwenda. Dawa bado ni dawa. Zanzibar, Unguja na Pemba, kuna vituo viitwavyo Mkono kwa Mkono, ambamo daktari, mshauri na polisi hupatikana mahali pamoja. Kimoja kiko katika hospitali ya Chake Chake. Kwa watoto iko namba ya simu 116, isiyo na malipo. Afikapo, ana haki ya kuomba mwanamke amhudumie na kumwandikia maneno yake, na anayemsindikiza amwombee hilo bila kuona haya.

Pili, kati ya hospitali na nyumbani pana pengo, na pengo hilo ni letu. Msichana hutibiwa asubuhi, na jioni hurudishwa kijiji kile kile, pengine nyumba ile ile anamokaa aliyemdhulumu. Nashauri kwamba akina mama wa kanisa letu wachague wenzao watatu, na nyumba ya mmoja wao, mjane ikiwezekana, iwe na chumba kimoja cha kumpokea mgeni wa namna hii kwa siku chache: kitanda, chandarua, kanga mbili safi, na mlango wenye komeo la ndani. Asiulizwe maswali mengi. Apewe maji na uji, aambiwe kwamba hakukosa, na asikilizwe atakapotaka mwenyewe. Wala asiulizwe dini yake. Akija binti wa jirani yetu Mwislamu na mama yake, mlango ni wao pia, na pasiwe na neno lo lote la kumvuta abadili imani katika siku ya udhaifu wake. Huruma yenye bei si huruma.

Tatu, wanaume tuna kazi yetu. Tulipe nauli ya kwenda Chake. Tukatae suluhu ya jambo lisilokuwa letu kusuluhisha, maana deni la fedha lasameheka na baba, lakini mwili wa binti si shamba la baba. Na mahakama ikituita kutoa ushahidi, twende, hata kama mshitakiwa ni jamaa. Maana kesi nyingi hufa kwa sababu mashahidi waliona muhali. Serikali ya Zanzibar iliweka mahakama maalumu ya mambo haya mwaka 2021. Lakini hakimu hawezi kuhukumu kwa kiti kitupu cha shahidi. Na wazee wa kanisa wakubaliane kwamba habari ya namna hii isiletwe kwanza katika baraza lao, bali ipelekwe kwa akina mama wale, nao ndio watakaosema ni nini kinachotakiwa kwa wanaume.

Ndugu zangu, kumbukeni kwamba Mariamu, alipopata habari iliyokuwa nzito kwa msichana wa umri wake, hakwenda kwa wazee wa mji. Aliondoka kwa haraka akaenda milimani, nyumbani kwa Elisabeti, mwanamke mtu mzima, akakaa kwake kama miezi mitatu. Elisabeti hakumwuliza maswali ya aibu. Alimpokea kwa furaha mlangoni. Tamari alikosa nyumba kama hiyo, ingawa baba yake alikuwa mfalme. Tumwombe Mungu atupe Shumba akina Elisabeti, na atupe sisi wanaume akili ya kuwaachia njia.